Rosebella Nerima, Aliyetufundisha Kutomkata Mtu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Rosebella Nerima anastaafu baada ya kuitumikia Marjan Video kwa miaka ishirini na minane na miezi miwili. Alianza kazi Septemba 1997, tulipokuwa bado Mengo, hapa Kampala, katika vyumba viwili nyuma ya duka la viatu. Anaondokea Ntinda, akiwa mkuu wa chumba cha kanda, na akiwa mfanyakazi pekee ambaye hata Mzee Marjan mwenyewe humpigia hodi kabla ya kuingia.

Mimi niliyeombwa kuandika haya, Elie Katembo, nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na moja. Wenzangu wamenionya nisiandike mambo ya kuliza watu, kwa sababu kutakuwa na keki. Nitajitahidi.

Bi Rosebella alizaliwa Kimilili, Kenya, mwaka 1965. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuja Kampala kumfuata mumewe, Wamalwa, ambaye Mzee Marjan alikuwa amemwajiri kupiga video za harusi. Mjini hapa hakuwa na shule wala wanafunzi, kwa hiyo kila mchana alimletea mumewe chakula, akasubiri bakuli, akarudi nyumbani. Siku moja alikuta kanda zimerundikwa mezani bila jina hata moja juu yake. Wiki hiyo hiyo studio ilikuwa imeipelekea familia moja harusi ya watu wengine kabisa, na familia ikaitazama hadi katikati kabla ya kushtuka. Akavuta kiti, akaomba kalamu, akaanza kuandika lebo kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Jioni Mzee Marjan aliingia, akaona rafu imenyooka.

"Nani amefanya hii?" akauliza.

"Mke wangu," Wamalwa akajibu.

"Kesho aje tena."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yake ya kazi. Barua ya ajira aliipata miaka minne baadaye, na aliiandika mwenyewe.

Vijana wanaohariri leo kwa kompyuta hawajui kazi ilivyokuwa. Kulikuwa na mashine mbili: moja inacheza, nyingine inarekodi, na mhariri katikati yao ameshika vidole juu ya vitufe, akihesabu kimoyomoyo. Wamalwa na mwenzake Okidi walipiga harusi kila Jumamosi, kila mmoja na kamera yake. Jumatatu kanda zao ghafi zilifika kwa Rosebella. Alikata yasiyofaa, akapanga yanayofaa, akatengeneza kanda safi ya mteja na nakala ya rafu. Kisha kanda ghafi zilirudi kwa wapigaji ili zirekodiwe tena juu yake Jumamosi iliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyeiuliza maswali.

Hakuwa na huruma na wapigaji, hata yule aliyelala naye nyumba moja. Kuna Jumatatu alimwita Wamalwa mbele ya wote, akamwonyesha dakika nne alizopiga keki ya ghorofa tano huku nyuma yake bibi mzaa mama wa bibi harusi akicheza peke yake.

"Keki haizeeki," akamwambia. "Huyu bibi, mwakani huenda hayupo. Ukiona mtu na keki, piga mtu."

Tangu siku hiyo wapigaji wetu hupiga watu. Ukitazama harusi za Marjan Video za miaka ile utaona mashangazi wengi kuliko maua.

Tuseme pia juu ya lugha. Mzee Marjan ni Mnubi wa Bombo, Okidi ni Mwacholi, mimi ni Mnande wa Butembo, na mapokezi ni Waganda watupu. Tunaelewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Bi Rosebella alitusahihisha ngeli kama vile hakuwahi kutoka darasani. Kwangu alifaulu kiasi. Kwa Okidi alishindwa, akakubali kushindwa, naye hakubali mara nyingi.

Juni 2005 Wamalwa aliugua, na ndani ya wiki mbili alifariki. Mtoto wao wa pekee, Masinde, waliyemngojea miaka saba, alikuwa na miaka mitatu. Walimzika Kimilili. Mwezi mmoja baadaye Rosebella alirudi kazini na kukuta mezani kanda ghafi ya harusi ya mwisho aliyoipiga mumewe. Okidi alikuwa amejitolea kuimalizia.

"Acha," akamwambia. "Hii ni yangu."

Aliihariri siku tatu. Katika kanda ile, kama katika zote alizozipiga Wamalwa, sauti yake inasikika nyuma ya kamera, karibu sana na kipaza sauti: "Bibi harusi, tazama huku kidogo. Vizuri. Usiogope." Wahariri wengine huifuta sauti ya mpigaji na kuweka muziki. Yeye aliiacha. Mteja hakulalamika, au pengine alilalamika kwa Mzee Marjan na Mzee akayameza.

Mimi nilifika mwaka 2014, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza kanda za zamani kwenye kompyuta. Wateja walikuwa wamenunua runinga pana, nao walitaka harusi zao ziijaze. Lakini picha ya kanda ni karibu mraba. Kwanza tuliivuta kwa upana. Kila bibi harusi akapata mabega ya mbeba mizigo, na simu za malalamiko hazikukoma. Ndipo mimi, kijana mwerevu, nikaleta dawa: tusiivute, tuikate. Picha ina mistari mia tano sabini na sita kwa kwenda juu. Ukiondoa sabini na miwili juu na sabini na miwili chini, inayobaki inaijaza runinga vizuri kabisa. Nilisifiwa. Kwa miaka miwili nilikata.

Mwaka 2016 alikuja mama mmoja wa kutoka Bwaise, jina lake Bibiane, Mkongomani kama mimi, muuza vitenge. Mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani mwake na kuharibu kanda ya kwaya ya kanisa lao, iliyopigwa na Wamalwa mwaka 2001. Alitaka nakala. Nakala ya rafu tulikuwa nayo, nikaiingiza, nikaikata kama kawaida, nikampa. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni.

"Kaka yangu haiko humu," akasema.

Nikamwambia pengine anaikumbuka kanda nyingine.

"Kanda ni hii. Mimi ni huyu hapa. Yeye alisimama nyuma, juu ya benchi. Mulimukata."

Kaka huyo alirudi Kongo mwaka 2003, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake. Picha yake nyingine haikuwepo.

Bi Rosebella alisikia yote kutoka mezani pake. Hakuniangalia. Alikwenda kwenye rafu, akaleta kanda yenyewe, akaiweka kwenye mashine iliyounganishwa na runinga yetu ya zamani. Pale, safu ya nyuma, kichwa kikigusa ukingo wa juu wa picha, alisimama mwanamume mwenye shingo ndefu, akiimba amefumba macho. Bibiane hakulia. Alisogea hadi karibu na kioo, akamsalimu.

"Eh," akasema. "Kumbe uko."

Alipokwisha kuondoka, Bi Rosebella alivuta kiti hadi mezani pangu.

"Nionyeshe unavyofanya."

Nikamwonyesha.

"Hii mistari sabini na miwili inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Mama. Inapotea."

"Basi irudishe."

Sikujua namna ya kuirudisha na bado kuipa runinga upana inaoutaka. Ni yeye aliyetafuta. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alipata programu moja ya bure, isiyo na vitufe wala vipicha vya kubonyeza. Unaiandikia mistari ya maagizo, nayo inatekeleza neno kwa neno. Maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza cha mafundi. Kwa wiki tatu alikaa na kamusi na daftari la mistari mipana, akiandika maagizo kwa kalamu kabla ya kuyagusa kwenye kompyuta.

Agizo alilolihitaji lilikuwa moja tu: la kuongeza pambizo kuzunguka picha. Unataja namba nne, yaani kushoto, juu, kulia na chini. Picha ilikuwa na upana wa vitone mia saba sitini na nane. Runinga pana ilitaka elfu moja na ishirini na nne. Akaandika mia moja ishirini na nane kushoto, sifuri juu, mia moja ishirini na nane kulia, sifuri chini. Picha ikakaa katikati, nzima, na weusi kushoto na kulia. Kanda moja ilionekana kuegemea, akajaribu kuweka mia moja ishirini na saba upande mmoja na mia moja ishirini na tisa upande wa pili. Programu ikakataa. Haitaki namba zisizogawanyika kwa mbili. Alibishana nayo asubuhi nzima kama anayebishana na mtoto mkaidi, na mwishowe akaiandikia kwa kalamu nyekundu daftarini: "Sawa."

Wateja walipiga simu kuuliza kwa nini runinga zao zimewekewa kuta nyeusi. Alizipokea mwenyewe.

"Runinga yako ni pana kuliko picha ya wakati ule, mama," alikuwa akisema. "Nikitaka iijaze, lazima nitoe watu. Sasa niambie, nimtoe nani?"

Simu hizo zilikuwa fupi. Hakuna aliyewahi kumtajia jina.

Jioni moja ya mwaka huo nilimwuliza kwa nini jambo la Bibiane lilimshika hivyo. Tulikuwa tunafunga madirisha. Akaniambia kwamba yeye hana picha ya Wamalwa inayotembea. Ana mbili za karatasi: ya kitambulisho, na ya harusi yao wakiwa wamekaa. Mtu aliyerekodi mamia ya familia hakurekodiwa. Nikasema ni bahati mbaya ya wapigaji wote.

"Si bahati mbaya," akasema. "Alirekodiwa."

Akanieleza. Kabla ya kila harusi kamera hujaribiwa. Mtu husimama na karatasi nyeupe mbele yake ili kamera ijifunze weupe, ndipo kazi ianze. Wamalwa alipojaribu kamera yake, Okidi alishika karatasi. Okidi alipojaribu yake, Wamalwa alishika. Kila kanda ghafi ya Okidi ilianza na Wamalwa amesimama mahali fulani, akisema neno, akicheka. Na kazi ya mhariri ni kukata hayo majaribio, kisha kanda irudishwe, irekodiwe juu yake.

"Nimemkata mwenyewe, Elie. Kila Jumatatu, miaka minane."

Tulimaliza madirisha.

Tulipohamia Ntinda mwaka 2019, Mzee Marjan alitaka kuacha kanda za zamani, kwa sababu chumba kipya ni kidogo. Bi Rosebella aliomba zibebwe zote, kisha akaanza kuziingiza moja moja kati ya kazi za wateja. Alisema ni kwa ajili ya watu kama Bibiane, na ni kweli. Wateja kumi na tisa wamerudi kuwapata watu wao kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini sisi tuliokaa karibu tulijua pia kwa nini alivaa vipokea sauti hata pale picha ilipokuwa haina la kuhariri. Alikuwa anamsikiliza Wamalwa. Mara moja tu aliona zaidi ya sauti: mkono wake ukiingia kwenye picha kurekebisha shela, kisha ukatoka. Siku hiyo alikwenda nyumbani mapema.

Agosti mwaka huu Okidi alikuja kutoka Gulu, anakoishi tangu alipoacha kazi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alitoa kanda kwenye mfuko wa plastiki.

"Rosebella, hii kanda ni ya mtoto yangu," akasema. "Ubatizo. Mwaka ule wa 2001. Weka kwa kompyuta, mimi nakwenda mjini, narudi saa tisa."

Ilikuwa kanda ghafi. Kwa kuwa ilikuwa ya mwanawe, aliipeleka nyumbani moja kwa moja, haikuwahi kupita mezani kwa mhariri. Bi Rosebella aliiweka kwenye mashine, akabonyeza, akageuka kutafuta kalamu ya lebo.

Nikasikia sauti niliyoizoea, lakini safari hii haikutoka nyuma ya kamera.

"Okidi, umemaliza? Mkono unauma."

Kioo kilikuwa cheupe tupu. Kamera ikarudi nyuma. Mbele ya mlango wa kanisa alisimama mwanamume aliyeficha uso kwa karatasi, na kando yake Mzee Marjan, kijana wakati huo, akitazama saa. Sauti ya Okidi ikajibu: "Bado! Shika vizuri!" Mwanamume akashusha karatasi, akacheka, akatikisa mkono wake uliochoka. Sekunde kumi na saba. Kisha ubatizo ukaanza.

Yeyote kati yetu angeirudisha nyuma papo hapo. Yeye hakufanya hivyo. Kanda ya miaka ishirini na minne inaweza kukatika ikirudishwa, na hii ilikuwa bado haijaingia yote. Alikaa, mikono juu ya magoti, akatazama ubatizo wa mtoto wa Okidi kwa dakika arobaini na tatu, hadi sala ya mwisho, hadi soda, hadi kioo kilipokuwa cheusi. Akahakikisha faili limekaa sawa. Akaandika maagizo yake, akisoma namba kwa sauti. Ndipo akarudi mwanzo na kutazama.

Baadaye kidogo aliniita.

"Kifungo cha tatu," akasema. "Vingine ni vya kahawia, hicho ni cheusi. Nilikishona mimi, sikupata kinachofanana." Akakigusa kwenye kioo. "Miaka ishirini namkumbuka huyu mtu, na hicho kifungo nilikuwa nimekisahau."

Saa tisa Okidi alirudi, akaonyeshwa. Alikaa kitako sakafuni.

"Mimi sikujua unatafuta," akasema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilijua nimezifuta zote," akamjibu.

Masinde, ambaye sasa ni fundi umeme Eldoret, alipata ruhusa wiki mbili baadaye, akaja. Mama yake alimwekea kiti, hakukikalia. Alitazama akiwa amesimama, mikono mifukoni, hadi karatasi iliposhuka. Tulikuwa tumejitayarisha kwa machozi. Mapokezi walikuwa wameleta hata leso.

"Mama," akasema, "kumbe alikuwa mfupi!"

"Mfupi?" Bi Rosebella akaja juu, akageukia kioo ili amkosoe. Wamalwa alisimama pale mzima, kuanzia nywele hadi viatu, kichwa chake kikifika kwapani mwa Mzee Marjan. Mama akawapima kwa macho. "Ndiyo," akasema. "Alikuwa mfupi."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, na Masinde akacheka naye, na sisi ambao tumefanya kazi naye miaka yote hii tukagundua kwamba hatukuwahi kumsikia akicheka hivyo. Halafu Masinde akaomba irudiwe, na sauti iongezwe.

Jumamosi asubuhi Bi Rosebella atapanda basi kwenda Malaba, mpakani, na kutoka hapo nyumbani. Anasema amekaa Kampala miaka ishirini na minane akiitamani Kimilili, na anaogopa kwamba wiki ijayo atakaa Kimilili akiitamani Ntinda, hata foleni yake.

Kwa niaba ya wenzangu wote: asante, Mama Masinde. Asante kwa lebo zinazosomeka, kwa ngeli, kwa chai ya tangawizi iliyotoa watu machozi, na kwa kunisamehe bila kunitajia kosa. Ukawe na afya, ukalale bila kengele, shamba likupe, na Masinde akuletee wajukuu, wa urefu wowote.

Meza yako hatujampa mtu. Mzee Marjan anataka tumpe mhariri mpya Januari. Sisi tumemwomba iwe Machi.